Msumeno wa pembe unapokata upande: tafuta kosa kabla ya kushika spana

Kona ya fremu ikikataa kufunga, mafundi wengi hukimbilia spana. Egemeo la nyuma, ule ukuta mfupi ambao mbao huegemea, linalegezwa, linasogezwa kidogo, linakazwa, mbao inakatwa tena. Kona ya kwanza inafunga, ya nne inaachia. Spana inarudi. Jioni ikifika mashine imepoteza hata ule usawa iliotoka nao kiwandani, na pengo bado lipo.

Kazi hii ina mpangilio wake: mbao kwanza, halafu bledi, halafu mkono wako, na skrubu za mashine mwisho kabisa. Mara nyingi sana hutafika kwenye skrubu. Ukifika, nazo zina zamu, kwa sababu kila rekebisho limekalia lile lililotangulia.

Maelezo haya ni ya msumeno wa pembe wa mezani, wa bledi ya inchi 10 au 12, uwe na reli za kuvuta au usiwe nazo. Mahali pa boliti hutofautiana kati ya Makita, Bosch, DeWalt, Ingco au Total, lakini viungo ni vilevile. Chomoa waya kwenye soketi kila unapoigusa bledi au kupima kwa skwea karibu nayo. Kuzima swichi hakutoshi.

Kwanza soma pengo

Kosa la digrii 1 kwenye mkato wa urefu wa milimita 100 ni pengo la milimita 1.75. Nusu digrii ni karibu milimita 0.9, na wengi wataliziba kwa mchanganyiko wa vumbi la mbao na gundi. Shida ni kwamba fremu ya kona nne ina mikato 8. Kila mkato ukikosea nusu digrii kwa upande uleule, ukizifunga kona tatu vizuri, ya nne inabeba makosa yote: digrii 4. Kwa mkato wa urefu wa milimita 100 hilo ni pengo la milimita 7. Kwa hiyo usiihangaikie kona ya nne peke yake. Haina kosa kubwa kuliko wenzake, imepokea tu deni lao.

Mahali pengo lilipo panakuambia mengi. Kona zote zikiachia ndani, au zote nje, kwa kiasi kinacholingana, kosa ni la pembe. Moja ikifunga, ya pili ikiachia, na ya tatu ikiachia kwa namna nyingine, shuku urefu wa vipande au mbao yenyewe. Kona ikifunga chini na kuachia juu, bledi haijasimama wima. Uso wa mkato ukiwa na mawimbi, alama za kuungua au kitumbo, tatizo ni bledi au kitu kilicholegea. Andika unachokiona kabla ya kugusa chochote.

Hatua ya 1: Itoe mbao kwenye lawama

Mbao nyingi tunazonunua zimepasuliwa tu, hazijarandwa, na pande zake mbili hazilingani. Ukiegemeza ubavu uliopinda, mashine iliyo sahihi kabisa itakupa mkato wa upande. Kwa hiyo usiipime mashine kwa mbao ya kazi. Kata kipande cha MDF (ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao) cha milimita 18, upana kama milimita 150, urefu kama sentimita 60, chenye pande mbili zilizonyooka. Pima upana wake kwenye ncha zote mbili. Ukitofautiana hata nusu milimita, tafuta kingine. Kihifadhi, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinakitegemea.

Kwa mbao ya kazi yenyewe, randa ubavu mmoja na uso mmoja kabla ya kufikiria pembe. Mbao iliyopinda kidogo iegemeze kwa upande wa mgongo, na mgongo uguse egemeo palepale bledi inapopita. Ukiigeuza, katikati inabaki hewani, mkato unajifunga na kuibana bledi, na hapo kuna hatari ya mbao kuruka.

Halafu kuna maji. Msonobari wa Mafinga ukifika Dar es Salaam ukiwa bado mbichi, utaukata leo kwa pembe sahihi na baada ya wiki kadhaa kona zitaachia. Mbao hukauka kwa kupungua upana, na urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Upana ukipungua, ncha ya mkato inakuwa kali kuliko digrii 45, na pengo linatokea upande wa ndani wa kona. Mbao kavu ikipelekwa penye unyevunyevu inavimba, na pengo linatokea nje. Ukikuta fremu iliyofunga vizuri siku ya kuunganishwa lakini sasa imeachia ndani kwenye kona zote nne, usiiguse mashine. Ipange mbao yako kwa vijiti vya kutenganisha, kivulini penye upepo, uiache ikauke kabla ya kazi nyingine.

Hatua ya 2: Bledi

Nikilazimika kubadilisha kitu kimoja tu kwenye mashine inayokata vibaya, naanza na bledi. Iliyokuja na mashine mara nyingi ina meno 24 hadi 40, inayofaa kukata mirunda na mbao za paa. Kwa kona za fremu na skatingi (ubao wa chini ya ukuta) tafuta ya meno 60 hadi 80.

Idadi ya meno si yote. Angalia pia meno yameinama kiasi gani. Bledi nyingi nzuri zina namba hiyo imechapwa ubavuni. Bledi ya msumeno wa meza (ule ambao bledi inatokeza kutoka chini ya meza) huwa na meno yaliyoinama mbele sana, digrii 15 hadi 20. Ukiifunga kwenye msumeno wa pembe inaivuta mbao na kichwa cha mashine kwa nguvu, mkono unashindwa kukizuia, na mkato unapotea. Ya msumeno wa pembe huwa karibu na sifuri, kati ya digrii hasi 5 na 7 hivi. Unene nao una maana. Bledi nyembamba, ya milimita 2.2 au 2.4, inakata kwa wepesi lakini inajikunja kwenye mkongo, mninga au mti mwingine mgumu. Ile ya milimita 3.2 inanyooka zaidi, ila inataka mota yenye nguvu.

Tundu la katikati nalo liangalie. Bledi zinazouzwa huwa na tundu la milimita 30, 25.4 au 15.88. Yenye tundu kubwa kuliko shafti inahitaji pete yake ya kupunguza, ikae bila kucheza. Bledi iliyofungwa bila pete haikai katikati: itatetemeka na kukata vibaya. Hiyo ifungue sasa hivi, ni hatari.

Wakati wa kuifungua, kumbuka kuwa boliti ya bledi kwenye misumeno mingi ya pembe ina thredi za kinyume: inalegea ukizungusha kulia. Futa flanji (bati za duara zinazoibana bledi) pande zote mbili kwa kitambaa. Punje moja ya utomvu kati ya flanji na bledi inatosha kuiyumbisha pembeni. Utomvu uliogandamana kwenye meno utoe kwa maji moto, sabuni na mswaki wa zamani, ukaushe vizuri. Meno machafu yanasugua badala ya kukata, yanachoma mbao na kuisukuma bledi upande.

Kujua kama bledi imepinda, shusha kichwa, weka kijiti kwenye meza karibu kabisa na mwili wa bledi bila kugusa, kisha izungushe polepole kwa mkono. Nafasi ikipanuka na kupungua, kuna kuyumba. Legeza boliti, izungushe bledi nusu duara juu ya shafti, kaza, pima tena. Kuyumba kukihama pamoja na bledi, bledi imepinda. Kukibaki upande uleule wa shafti, ubovu uko kwenye flanji, shafti au beringi, na bledi mpya haitakusaidia.

Hatua ya 3: Mkono na umeme

Mashine iliyo sawa inaweza kukata upande kwa sababu ya namna inavyoshikwa. Acha bledi ifikie kasi yake kamili kabla ya kugusa mbao. Shusha taratibu, bila kukisukuma kishikio kushoto wala kulia. Ukimaliza, achia swichi kichwa kikiwa bado chini, na subiri bledi isimame ndipo uinue. Ukiinua inazunguka, meno yanagusa tena uso wa mkato na kuuharibu. Kwa mashine ya reli, vuta kichwa mbele, shusha, kisha sukuma kuelekea nyuma.

Kwenye digrii 45 mbao inateleza. Bledi inaisukuma kufuata egemeo, na mkono hauhisi kwa sababu ni nusu milimita tu. Gundisha ukanda wa msasa kwenye uso wa egemeo, pande zote mbili kwa unene uleule, au funga klampu. Vidole vikae si chini ya sentimita 15 kutoka kwenye bledi, na kipande kifupi kisichofikia umbali huo kibanwe kwa klampu, kisishikwe kwa mkono.

Umeme pia unachangia. Waya mwembamba wa kuongezea, wa mita 30, ukiwa umejikunja kwenye gurudumu lake, unaipunguzia mota nguvu. Bledi inapoteza kasi katikati ya mbao, fundi anaongeza mkono, bledi inajikunja. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, uukunjue wote. Jioni umeme ukiwa hafifu, kata mbao nyembamba na uziache kona za kazi nzuri hadi asubuhi.

Hatua ya 4: Tafuta kilicholegea

Kaza kichwa kwenye 0, mashine ikiwa imechomolewa. Shika kishikio, tikisa kushoto na kulia. Kucheza kidogo sana ni kawaida, lakini ukisikia mgongano au ukiona bledi inahama, kaza boliti ya bawaba iliyo nyuma hadi mchezo uishe, kichwa kikiwa bado kinashuka kwa wepesi. Kwa mashine ya reli, vuta kichwa hadi mwisho na utikise tena. Reli nyingi zina skrubu ndogo za kubana bushi zake. Tikisa na meza inayozunguka.

Bila kumaliza hapa, usiende mbele. Kitu kilicholegea hakipimiki.

Hatua ya 5: Jaribio la kugeuza

Hili ndilo jaribio ninalolitegemea kuliko skwea, kwa sababu linaonyesha kosa mara mbili na halihitaji kifaa cha bei.

Chukua kile kipande cha MDF, tia alama X juu, kushoto na kulia kwa mahali utakapokata. Funga mashine kwenye 0, egemeza vizuri, kata katikati. Weka vipande vyote viwili juu ya meza tambarare, ubavu wa nyuma ukigusa rula ndefu ya chuma. Sasa kigeuze cha kulia, X iwe chini, na ule ubavu uliokuwa mbele ndio uguse rula. Visukume vikutane.

Mkato ukiwa mraba, vinafunga mwanzo hadi mwisho. Ukiona pengo upande mmoja, hilo ni kosa mara mbili. Kwenye upana wa milimita 150, pengo la nusu milimita maana yake mashine imekosea takriban digrii 0.1. Hapo simama, hiyo ni kazi nzuri, na fremu itafunga. Pengo la milimita 2 ni karibu digrii 0.4, na hilo linastahili spana.

Jaribio hilohilo linapima wima, ila kwa MDF ya milimita 18 kosa halionekani. Gundisha vipande vitatu vifikie milimita 54, au tumia kipande kinene kilichorandwa pande zote. Kata, geuza, kisha tazama kutoka ubavuni: vikigusana chini na kuachia juu, au kinyume chake, bledi imeinama.

Hatua ya 6: Marekebisho yenyewe, kwa zamu

Kabla ya kuiamini skwea, ipime. Iegemeze kwenye ubavu ulionyooka wa ubao, chora mstari kwa penseli kali, igeuze upande wa pili, chora mstari mwingine kutoka nukta ileile. Mistari ikipanuka, skwea hiyo haifai kurekebishia mashine.

Anza na egemeo. Weka rula ndefu ikatishe nusu zote mbili, ya kushoto na ya kulia, na tazama mwanga nyuma yake. Nusu zisipokuwa mstari mmoja, mkato wa kushoto na wa kulia hautakubaliana kamwe, hata ufanye nini. Legeza nusu moja, ilete kwenye mstari wa mwenzake, kaza. Egemeo la kipande kimoja likiwa limepinda, usilipige nyundo. Alumini ya kumimina huvunjika. Funga mbele yake ukanda wa MDF ulionyooka, ukijaza vipande vya karatasi nyuma pale penye bonde.

Kisha mraba wa 0. Shusha kichwa na ukifunge. Weka skwea, upande mmoja kwenye egemeo, mwingine kwenye mwili wa bledi, ukipita kati ya meno. Ncha za meno ni pana kuliko mwili wa bledi, zikigusa skwea zinakudanganya. Mashine nyingine zinarekebishwa kwa kulegeza egemeo lenyewe. Nyingine zina bati la vituo (mapengo ambamo meza hunasa kwenye pembe zilizowekwa) chini ya namba, lililoshikwa kwa skrubu tatu au nne: unalilegeza, mkono wa meza ukiwa kwenye kituo cha 0, unaizungusha meza hadi skwea ikubali, unakaza. Yako ikiruhusu njia zote mbili, chagua bati, usilivuruge egemeo ulilokwisha kulinyoosha. Kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, maana kukaza kwenyewe kunasogeza. Rudia jaribio la kugeuza.

Wima unafuata. Simamisha skwea juu ya meza, ubavu wake kwenye mwili wa bledi. Nyuma ya mashine kuna boliti inayokizuia kichwa kinaporudi kutoka kwenye kuinama. Safisha kwanza vumbi lililojaa hapo, kwa sababu mara nyingi vumbi hilo ndilo kosa lote. Likiisha na bledi bado haijasimama, izungushe boliti hiyo, funga kichwa, upime tena baada ya kufunga.

Sasa 45. Kata kipande kimoja kwa kushoto na kingine kwa kulia, pima kila kimoja kwa skwea ya digrii 45. Kushoto kukizidi na kulia kukipungua kwa kiasi kilekile, 0 yako bado haiko sawa, rudi nyuma. Vyote vikizidi, au vyote vikipungua, vituo vya bati vimechongwa vibaya au vimelika. Hapo usikiamini kituo. Mashine nyingi huruhusu kukiruka na kukaza kwa kitasa. Ikikataa, chomeka karatasi kati ya mbao na egemeo. Karatasi ya kawaida ya ofisi ina unene wa karibu milimita 0.1, na ikiwekwa milimita 100 kutoka mahali mbao inapogusa egemeo inabadilisha pembe kwa takriban digrii 0.06. Unaongeza moja moja hadi kona ifunge.

Kuna nafuu ya haraka ukiwa saiti na muda hauna. Kosa la 0 linaongeza upande mmoja kile linachopunguza mwingine. Kwa hiyo kila kona ikiunganishwa na mkato mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia, jumla inarudi 90. Ukikata yote kwa upande mmoja huku ukigeuza mbao, kosa linazidishwa. Hiyo inakuvusha siku hiyo tu. Mashine irekebishwe ukirudi karakana.

Kishale cha namba kirekebishe mwisho. Kinafuata mashine, hakiiongozi.

Urefu

Fremu yenye pembe sahihi na vipande vinavyotofautiana milimita moja itaachia kona, na utailaumu pembe. Vipande vinavyotazamana vikatwe kwa kizuizi kimoja, usipime kila kimoja kwa futi kamba. Funga kizuizi kwenye egemeo, ukiacha upenyo mdogo chini yake ili vumbi lipite. Vumbi likijaa, kila kipande kinafupika kidogo kuliko kilichotangulia. Kizuizi kikae upande unaoshikilia mbao. Usikiweke upande wa kipande kinachoanguka, kitabanwa kati yake na bledi na kurushwa.

Kona za nyumba

Mashine ikiwa sahihi kabisa, skatingi bado inaweza kuachia kwa sababu ukuta si mraba. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zina vyumba ambavyo kona ya digrii 90 ni nadra, na plasta nene kwenye nyumba za tofali inafanya vivyo hivyo. Pima kona kwa vijiti viwili vilivyoungwa kwa skrubu moja, kisha hamishia kwenye kipima-pembe.

Hapa wengi hukosea hesabu. Kona ya digrii 92 haikatwi kwa 46. Namba za mashine zinaanza 0 kwenye mkato wa mraba, kwa hiyo toa kona kwenye 180, gawanya kwa 2. Kona ya 92 inakatwa kwa 44. Kona ya 88 inakatwa kwa 46. Hesabu ni hiyohiyo kwa kona ya ndani na ya nje, ilimradi uwe umepima ukuta wenyewe. Kata vipande viwili vifupi vya jaribio, vishike ukutani kwa mkono, na vikifunga juu hadi chini ndipo ukate ule urefu wa mita tatu.